Wati za Mlangoni na Wati za Sahanini

Mgongoni mwa maikrowevu za lita 20, hizi zinazopangwa kwa wingi kwenye maduka ya Kariakoo na Luthuli Avenue, kuna kibandiko ambacho mara nyingi huwa na namba mbili za wati. Moja, tuseme 1150, ni umeme ambao mashine inauvuta kutoka ukutani. Nyingine, 700, ni nguvu ya mawimbi yanayoingia kwenye chumba cha chakula. Katoni na mlango kwa kawaida hutaja moja tu, na muuzaji aliyezongwa na wateja haelezi ni ipi. Wati 450 zinazopotea katikati hugeuka joto ndani ya mashine yenyewe, na feni inayovuma nyuma kazi yake ni kulipuliza joto hilo nje.

Hata hizo 700 hazifiki zote kwenye chakula, na zinazofika hazigawanyiki sawa. Nyumba nyingi huijua mashine hii kwa swichi moja, ya muda. Ile ya nguvu huzungushwa hadi mwisho siku ya kwanza na kusahauliwa hapo. Matokeo yake tunayajua: wali mkavu pembeni na baridi katikati, chapati ngumu isiyotafunika, tui lililokatika, kuku aliyeanza kuiva mapajani huku kifuani bado ana barafu. Lawama huiangukia mashine. Naona kosa liko kwenye imani kwamba dakika mbili za nguvu zote ni sawa na dakika nne za nusu nguvu. Kwenye matumizi ya umeme ni karibu sawa. Kwenye chakula ni vitu viwili tofauti kabisa.

Tuanze na hiyo 700 inavyopatikana, maana wengi hudhani ni namba ya kukisia. Hupimwa kwa maji. Kipimo cha kimataifa, IEC 60705, kinataka gramu 1000 za maji yenye nyuzi 10 za Selsiasi ziwekwe kwenye chombo cha kioo, kisha zihesabiwe sekunde za kuyafikisha nyuzi 20. Lita nzima ya maji ni mzigo mkubwa, hunyonya sehemu kubwa ya mawimbi yanayopita. Sahani ya wali wa mtu mmoja, gramu 250 hivi, ni mzigo mdogo: mawimbi hugonga kuta, huzunguka, na mengine hurudi kwenye magnetroni, kifaa kinachoyazalisha. Ndiyo maana chakula kidogo hupata wati chache kuliko zilizoandikwa, na ndiyo maana vikombe viwili vya maji havichukui mara mbili kamili ya muda wa kikombe kimoja. Nchini Uingereza, mwanzoni mwa miaka ya 1990, jambo hili lilifikishwa mpaka serikalini kwa hofu kwamba vyakula vya pakiti vilikuwa vinapashwa bila kufikia joto la kuua bakteria. Mashine zikaanza kubandikwa herufi, A hadi E, za kuonyesha jinsi zinavyopasha mzigo mdogo, pamoja na wati zake za kawaida.

Kipimo hicho unaweza kukifanya jikoni. Chukua lita moja ya maji ya baridi ya mtungini, pima nyuzi zake, yaweke kwenye bakuli la kioo au la plastiki ya maikrowevu, washa kwa nguvu zote dakika mbili kamili, koroga vizuri, pima tena. Zidisha tofauti ya nyuzi kwa 35. Maji yakipanda nyuzi 20, mashine inatoa wati 700. Yakipanda 16, ni wati 560, na hapo una habari ya kufanyia kazi. Asiye na kipimajoto atazame kikombe: robo lita ya maji yenye nyuzi 25 inahitaji kilojuli 78 hivi ili ichemke, yaani chini kidogo ya dakika mbili kwa wati 700 zikitimia zote. Kwa kuwa kikombe ni mzigo mdogo, ongeza kidogo. Zikipita dakika tatu na maji bado hayajachemka, kuna kitu kimepungua. Mashine ipimwe ikiwa imepoa, kwa sababu sumaku za magnetroni hudhoofika zikipata moto, na anayepasha sahani ya tano mfululizo hapati nguvu aliyoipata kwenye sahani ya kwanza.

Mara nyingi kilichopungua ni umeme. Mashine zetu zimeundwa kwa volti 230 au 240, lakini saa mbili usiku, mtaa mzima ukiwa umewasha pasi, televisheni na majiko, volti zinazofika nyumba ya mwisho ya laini ni chache zaidi. Magnetroni haifanyi kazi isipopata volti kubwa, karibu 4000, ambazo transfoma na kapasita huzizalisha kutokana na zile za ukutani. Za ukutani zikishuka, nguvu ya mawimbi hushuka kwa kiwango kikubwa kuliko volti zenyewe. “Mama, mashine yako ni nzima,” fundi huyu au yule atamwambia mteja aliyebeba maikrowevu kichwani mchana kutwa, “umeme wa kwenu ndio mgonjwa.” Rudia kipimo cha maji alfajiri. Majibu ya alfajiri yakiwa mazuri na ya usiku mabaya, usimlipe fundi.

Wenye sola nao wana mtego wao. Mtu ananunua maikrowevu ya wati 700 na invata ya wati 1000, anaona amebakiwa na akiba, kisha invata inalia na kuzima. Namba ya kulinganisha ni ile 1150, na wakati wa kuwaka mashine huvuta zaidi ya hapo. Invata za bei nafuu zina tatizo la pili. Badala ya wimbi laini la umeme hutoa wimbi la ngazi ngazi, ambalo kilele chake ni kifupi. Maikrowevu iliyounganishwa nayo huunguruma kwa sauti isiyo ya kawaida na kupasha kwa unyonge, hata kama karatasi ya invata inasema wati zinatosha.

Ndugu walioko Marekani wanaopakia vyombo kwenye kontena wajue pia kwamba mashine ya kule ni ya volti 120 na hezi 60. Yenye wati 1100 za mawimbi huvuta zaidi ya 1500, kwa hiyo transfoma ya kushushia umeme lazima iwe kubwa kwelikweli, na hezi 50 za kwetu huifanya transfoma iliyomo ndani ya mashine ichemke. Kuna na kichekesho kidogo: baadhi ya mashine hizo huhesabu muda kwa kufuata mapigo ya umeme wa ukutani, hivyo huku kwetu dakika yake moja ina sekunde 72.

Mapishi ya kwenye intaneti yanatoka huko huko, na mengi yameandikwa kwa ajili ya wati 1000 au 1100. Kuyageuza ni hesabu ya shule ya msingi: muda wa kwenye mapishi, zidisha kwa wati zao, gawanya kwa zako. Dakika tatu za wati 1100 ni karibu dakika nne na sekunde 45 za wati 700. Kwa supu, chai, uji mwepesi na chochote kinachokorogeka, hesabu hii inatosha. Kwa kitu kinene kisichokorogeka, hesabu ni sahihi na chakula bado kinaharibika. Kuelewa kwa nini, inabidi tuingie ndani ya chakula.

Bado kuna watu, wengine wamesoma, wanaoamini kwamba maikrowevu hupika kuanzia ndani kuja nje. Haipiki hivyo. Mawimbi yake ni ya megahezi 2450, na kwenye chakula chenye maji huingia sentimita mbili au tatu hivi, yakidhoofika kila hatua. Bonge la ugali lenye unene wa sentimita kumi linapata mawimbi kwenye ganda lake tu. Katikati hupata joto kwa kupokezana, chembe kwa chembe, kama ndoo za maji zinazopitishwa mkono kwa mkono kutoka kisimani, na ugali ni mpokezi mvivu. Ukiongeza nguvu unaongeza ndoo mwanzo wa msururu, lakini mikono ya katikati haiendi kasi zaidi. Ndoo zinamwagika palepale: ganda linachemka, maji yake yanaondoka kama mvuke, linakakamaa, na katikati bado kuna ubaridi wa friji.

Juu ya hilo, mawimbi hayatandazi sawasawa. Urefu wa wimbi ni sentimita 12 hivi, na yanapogongana baada ya kudunda kutani huacha vituo vya moto na vituo vya ubaridi, mara nyingi kwa umbali wa sentimita sita hivi. Papadi huonyesha jambo hili kwa uzuri kuliko kifaa chochote. Ondoa sahani ya kioo inayozunguka pamoja na gurudumu lake, tandaza papadi mbichi kwenye bamba la kadibodi, washa nguvu zote kwa nusu dakika hivi ukiwa umesimama hapo hapo. Zitavimba na kuwa nyeupe kwa madoa madoa, mahali pengine zikianza kuungua, na vidole vitatu pembeni zitabaki mbichi na za njano kama zilivyotoka kwenye pakiti. Hiyo ndiyo ramani ya mashine yako. Sahani ya kuzunguka hupunguza tofauti, ila haiisaidii sehemu ya katikati kabisa, ambayo huzunguka palepale ilipo. Bakuli dogo likae ukingoni mwa sahani ya kioo. Wali au ugali utandazwe, uachwe na shimo katikati, na ile tabia ya kuurundika kama kichuguu iachwe.

Hapa ndipo swichi ya nguvu inapoingia, na inafanya kazi kwa namna ambayo wengi hawaitarajii. Magnetroni tunayoitumia leo ilizaliwa kwa ajili ya rada. John Randall na Harry Boot waliiunda kwa sura yake ya kisasa katika Chuo Kikuu cha Birmingham mwaka 1940, na Percy Spencer wa kampuni ya Raytheon akaomba hataza ya kupikia kwa mawimbi hayo Oktoba 1945. Kwenye mashine ya kawaida yenye transfoma ya chuma, magnetroni haina moto mdogo. Ama imewaka yote, ama imezima. Ukiweka nusu nguvu, mashine huiwasha kwa muda, labda sekunde 15, kisha huizima kwa muda kama huo, na kurudia. Simama karibu utasikia: mngurumo mzito unaingia, taa ya jikoni pengine inafifia kidogo, kisha unabaki uvumi wa feni peke yake. Asilimia 30, ambayo mara nyingi ndiyo huandikwa kwa alama ya kuyeyusha barafu, ni mngurumo mfupi na uvumi mrefu.

Ule uvumi wa feni ndio upishi wenyewe. Wakati magnetroni imezima, joto la ganda linapata nafasi ya kupokezana kwenda ndani. Mpishi wa mkaa anayepunguza moto na kufunika sufuria baada ya wali kukauka maji anafanya jambo hilohilo, na hakuna anayemwambia anapoteza muda.

Mashine za aina nyingine, zinazoitwa za invata (Panasonic ndiyo iliyozivumisha zaidi), zinaweza kupunguza nguvu kwelikweli, zikatoa wati 300 mfululizo bila kuwaka na kuzima. Ni nyepesi kubeba, na bei yake iko juu. Faida yake haionekani kwenye supu. Inaonekana kwenye vitu vidogo. Chukua yai moja lililovunjwa kwenye kikombe: kwenye mashine ya kawaida, hata ukiweka nusu nguvu, zile sekunde 15 za kwanza ni za wati zote, na kwa gramu 50 za yai zinaweza kulipandisha nyuzi 40 au zaidi kwa mkupuo mmoja. Likiwa limeshapata joto, mkupuo unaofuata unalipasua. Ujanja wa mwenye mashine ya kawaida ni kuweka kikombe cha maji pembeni ya kile cha yai. Maji yanakula sehemu ya mawimbi, na yai linapata moto mdogo wa kweli. Siagi na chokoleti zinayeyushwa kwa ujanja huohuo.

Barafu ni mfano ulio wazi kuliko yote wa jinsi nguvu nyingi inavyodhuru. Maji hunyonya mawimbi haya vizuri, barafu hunyonya kidogo sana. Kipande cha samaki kilichoganda kikiyeyuka sehemu moja ya mkiani, sehemu hiyo yenye maji hunyakua mawimbi kuliko nyama nzima iliyobaki, hupata moto, huyeyusha jirani yake kidogo na yenyewe huiva. Kwa nguvu zote mbio hizi hazizuiliki. Kwa asilimia 30, ukigeuza kila baada ya dakika mbili tatu na kutenganisha vipande kadiri vinavyolegea, joto hutembea. Kuku mzima aliyeganda, kwa maoni yangu, asiwekwe humo kabisa. Akalale kwenye sehemu ya chini ya friji tangu usiku wa jana.

Tui ni suala la kiwango cha joto zaidi kuliko la muda. Likichemka kwa nguvu, protini zinazoyashika mafuta hukazana na kuyaachia, na mchuzi wa samaki unakuwa na vijibonge juu na maji chini. Asilimia 40 au 50, koroga kila dakika, toa unapofuka mvuke kabla haujatokota. Kwa samaki mwenyewe ni salama zaidi pia, kwani nyama yake ni laini na haihitaji kipigo cha wati 700. Wali na pilau hustahimili zaidi: nyunyiza vijiko viwili vya maji, funika, tumia asilimia 70, kisha uache umefunikwa dakika mbili kabla ya kula. Idara ya kilimo ya Marekani inataka kiporo kifike nyuzi 74 kila sehemu, na sehemu ya kupima ni katikati, si ukingoni. Hata hivyo wali uliolala mezani usiku kucha una hatari ambayo hakuna wati zitakazoiondoa. Bakteria aitwaye Bacillus cereus huacha sumu isiyoharibiwa na joto la kupashia, kwa hiyo wali huo utupwe.

Chapati sina matumaini nayo. Sekunde 15 ndani ya kitambaa chenye unyevu, iliwe hapohapo, vinginevyo maji yanaitoka na wanga unakaza kadiri inavyopoa. Kikaango kikavu kinaipasha vizuri zaidi kwa muda karibu uleule.

Kiazi kitamu kina siri yake. Ndani yake mna kimeng'enya kinachogeuza wanga kuwa sukari, na hufanya kazi hiyo hasa kati ya nyuzi 57 na 75. Nguvu zote hukivusha kiazi eneo hilo kwa dakika chache na kimeng'enya kinakufa kabla hakijamaliza kazi, ndiyo sababu watu husema kiazi cha maikrowevu hakina utamu wa kile cha kuchomwa kwenye majivu. Kitobowe kwa uma, kifunge kwa karatasi yenye maji, kipe asilimia 30 kwa muda mrefu. Utamu unarudi kwa sehemu kubwa.

Nguvu zote zina mahali pake. Bisi hutaka mvuke ujae ndani ya punje upesi kabla haujavuja. Mchicha na sukuma wiki, vikiwa na maji kidogo na kifuniko, huiva vikiwa bado vya kijani. Maji ya chai hayajali, ila yakichemshwa kwenye kikombe laini sana yaachiwe kijiko cha mti ndani, kwani yanaweza kupita nyuzi 100 yakiwa yametulia na kulipuka yakiguswa.

Maharage makavu ni upande mwingine kabisa. Maji yanayochemka kwenye sufuria ya wazi hayapandi juu ya nyuzi 100 hata ukiyapa wati elfu tatu. Kinachochukua saa mbili ni harage kulainika, na nguvu ya ziada inaenda kukausha maji tu. Kugeuza lita moja ya maji yanayochemka kuwa mvuke ni karibu dakika 54 za wati 700, umeme uliolipiwa kabla kwa mita ya LUKU ukipotelea darini. Jiko la presha, ambalo hupandisha hicho kikomo cha nyuzi, ndilo chombo cha kazi hiyo.

Na kwa kuwa tumetaja LUKU: wengi huogopa nguvu ndogo wakidhani muda mrefu ni uniti nyingi. Dakika tano za nguvu zote kwenye mashine inayovuta wati 1150 hula karibu sehemu moja ya kumi ya uniti. Dakika kumi za nusu nguvu hula hiyohiyo, ukiongeza kidogo kwa ajili ya feni, taa na mota ya sahani. Unacholipa zaidi ni dakika tano zako.

Kuhusu kununua, familia ya watu watatu au wanne inayopasha viporo na kuyeyusha samaki haihitaji zaidi ya wati 700 au 800. Tofauti ya bei kati ya hiyo na ya wati 1000 ingefaa ielekezwe kwenye mashine ya invata, ambayo inatoa moto mdogo wa kweli. Mwenye mashine kuukuu aitazame kwanza kwa macho: kile kibamba cha maika kilicho ukutani ndani ya chumba, kikijaa mafuta, hunyonya mawimbi na kuanza kuungua, na kipya ni bei ndogo. Kibamba kikiwa safi, umeme ukiwa mzuri, na maji bado yanapanda nyuzi 12 tu kwa dakika mbili, magnetroni imechoka. Kuibadilisha wakati mwingine kunakaribia bei ya mashine mpya, kwa hiyo ulizia gharama kabla ya kuiacha dukani. Usifungue ganda mwenyewe hata plagi ikiwa imechomolewa, kwa maana kapasita iliyomo inaweza kubaki na chaji ya volti zaidi ya elfu mbili, na imeshawaua hata mafundi.